Kifuniko

Pua yangu inajulikana Mwaloni Kirumba.
Wananiita kwenye gunia lililoshonwa tayari,
napitisha uso juu ya mshono, nasema:
hawa walianikwa mchangani, si kwenye chanja;
hawa walinyeshewa Ukara wakaanikwa upya.
Sijawahi kurudishiwa mzigo.

Sasa mtu kama mimi
amepigwaje Makoroboi mara tatu?

Mara ya kwanza niliamini boksi.
Herufi za dhahabu, nailoni imekazwa kama ngoma,
LULU YA USIKU, elfu kumi na tano.
"Mama, hii imeshuka na ndege jana."
Ilishuka na ndege, ikapaa na upepo:
nafika stendi ya Nyegezi, haipo,
imeniachia shingo nyekundu na harufu ya spiriti.

Mara ya pili niliamini bei. Elfu sitini.
Kumbe ghali nayo hudanganya,
tena kwa sauti ya chini, ndani ya kiyoyozi.

Mara ya tatu sisemi.

Sikuwa natafuta urembo.
Nilikuwa namtafuta Ng'wasi.

Dada yangu alikata tiketi kivuko cha Kamanga miaka kumi na mmoja,
na kila chenji iliyotoka mkononi mwake ilinukia yeye:
ubani kidogo, ndimu iliyoungua,
na kitu kama ndani ya sanduku la shule.
Watu walivuka kwenda Sengerema naye mfukoni.
Alipoondoka, Machi, mvua haijakata,
niligawiwa kitenge, redio, na chupa iliyokauka
ambayo kifuniko chake, ukikinusa alfajiri kabla hujala,
bado kilikuwa na yeye,
punje moja.

Mwisho nikaelekezwa Mtaa wa Rufiji,
duka lisilo na kibao, kwa Tasnimu, msichana wa miwani.
Hakuuliza nina shilingi ngapi.
Aliuliza kama nimekula kitunguu.

Geuza boksi, akasema,
namba yake ifanane na ya kitako cha chupa.
Kioo kisiwe na mapovu.
Mrija ukizama usionekane.
Kifuniko kikae kwa uzito wake, si kwa kubembelezwa.
Puliza: uone ukungu, si matone.
Halafu usinuse. Nenda kanywe chai.
Cha kughushi husema yote mlangoni.
Cha kweli hupiga hodi, huketi,
na neno lililomleta hulitaja jioni.

Nikanywa chai. Nikauzunguka mji. Saa kumi nikarudi
na mkono ulionukia maua nisiyoyajua majina,
kisha mbao, kisha mvua ya kwanza
juu ya mawe yenye jua la mchana kutwa.
Ilikuwa halisi. Sikuhitaji kuambiwa.
Hakuna kizuri kama hicho kilichowahi kugusa ngozi yangu.

Na haikuwa Ng'wasi.

Nikafungua leso, nikamtolea kifuniko.
Alikigeuza chini ya taa, akanusa,
akanusa tena, akavua miwani.
"Dada Minza," akaanza, "hiki..."
akashindwa. Nikamsaidia:
feki.

Ng'wasi! Aliyepapasa kila noti kwa kidole gumba,
aliyemshusha mtu kivukoni, kamba zimeshafunguliwa,
kwa elfu kumi ya bandia!
Nilicheka mpaka Tasnimu akaniletea kiti,
na kwenye kiti kicheko kikanigeukia.

Ile halisi nilinunua, kwa heshima. Ipo kabatini.

Jumamosi, mzigo ukiisha, napita Makoroboi,
meza kwa meza, nainama sikioni:
nataka ile feki,
ile ya zamani, yenye ndimu iliyoungua.
Wanashtuka. Wanaapa, mkono kifuani, mmoja baada ya mwingine:
"Mama, hapa tunauza orijino tu."